Mistari Mitatu ya Ijumaa

4 Februari

Profesa mdogo wangu,

Huku tuko salama, ukiacha miguu ya Mama ambayo imevimba tena hata viatu havimwingii. Nakuandikia mbio mbio kwa sababu nimefanya jambo, na afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa wakili.

Kompyuta ya Mama haiwaki.

Usinune kwanza, soma mpaka mwisho. Wiki iliyopita wakili alipita hapa na faili lako kwapani. Rufaa itasikilizwa tarehe 6 Mei. Amesema mahakama ilikufunga miaka mitatu kwa sababu Ijumaa ile mtu aliisasisha kompyuta ya hospitali inayolinda friji la damu, ikaharibika, king'ora hakikulia, damu yote ikatupwa, na yule mama aliyejifungua Jumapili akafa kwa kukosa damu. Hayo unayajua kuliko mimi. Lakini aliyeingia kwenye ile mashine aliingia kwa jina la kazini ambalo mlikuwa mnalitumia wawili, wewe na Mama Pacha mwenzako wa kitengo, na hakuna aliyethibitisha ni nani kati yenu. Hakimu alikuchukua wewe kwa sababu wewe ndiye mkubwa wa kitengo.

Basi wakili akauliza jioni ile ulikuwa wapi. Kabla sijafungua mdomo, Mama akadakia: "Alikuwa hapa, anatengeneza kompyuta yangu. Hakuinuka kitini mpaka nilipomwita kula." Ungemwona wakili alivyokaa wima. Amesema kompyuta ina kumbukumbu zake. Polisi walichukua ya kwako tu, hii ya Mama hawakuigusa. Ikionyesha kwamba jioni ile hukuingia kwenye mashine ya hospitali ukiwa hapa, basi anabaki Mama Pacha, na wewe unarudi nyumbani. Nimpelekee ofisini kwake ikiwa inawaka, kabla ya mwezi wa nne kwisha.

Mimi na kimbelembele changu nikasema niiwashe nione kama nzima, maana haijaguswa tangu uondoke. Ikawaka vizuri tu. Kikatokea kidirisha kinasema kuna masasisho mia tatu na kitu, je, nakubali? Nikakubali. Nilidhani ndiyo adabu. Ikafanya kazi nusu saa, ikajizima, ikajiwasha, na tangu hapo ni kioo cheusi na maandishi meupe ya Kiingereza yanayosimama palepale. Nimeyanakili yote nyuma ya karatasi hii.

Wakili amesema wewe mwenyewe ndiye fundi, uniambie la kufanya. Mama anauliza kila asubuhi kama imewaka. Tafadhali usichelewe.

Dada yako


13 Februari

Dada yangu,

Pole na miguu ya Mama. Mwambie aiinue juu ya mto anapolala, na apunguze chumvi, najua hatapunguza.

Sikununa. Ugonjwa huo naujua, na hukuuleta wewe. Kompyuta ina kiini, programu inayoamka kwanza na kuziamsha nyingine zote. Ulipokubali masasisho, kililetwa kiini kipya. Viini vinakaa kwenye kichumba chao kidogo ndani ya diski, na hicho kichumba kilikuwa kimejaa vya zamani ambavyo hakuna aliyeviondoa. Kipya kikaingia nusu, nusu ikabaki nje. Kila ukiwasha, mashine inakishika hicho hicho kwa kuwa ndicho kipya, inakwama.

Vya zamani bado vimo, na ni vizima. Zima kabisa, kisha washa. Alama ya kwanza ikitokea tu, bonyeza kitufe cha Esc, kile cha pembeni juu kushoto, mara moja. Usikigonge kama unafukuza nzi, nakujua. Itakuja orodha. Shuka mstari wa pili, ule wa machaguo zaidi, uingie. Utaona viini vimepangwa, kipya kiko juu. Wewe chukua cha pili. Kikikataa, cha tatu. Kimoja lazima kiwake.

Ikiwaka, fungua lile dirisha jeusi la amri, uandike hivi: df -h /boot. Hapo unaiuliza mashine kichumba kina nafasi kiasi gani. Itakujibu kwa asilimia, niandikie. Ukikosea herufi usianze upya, bonyeza mshale wa juu na maneno ya nyuma yatarudi yenyewe, utarekebisha palipokosewa.

Usiipeleke kwa fundi wa mtaani hata mmoja. Wale wakiona kioo cheusi wanafuta kila kitu na kukurudishia ikiwa tupu.

Barua zetu zinasomwa na Afande mmoja kabla ya kutoka. Ameniita kuniuliza hiyo df ni jina la nani. Nikamweleza, akatikisa kichwa, akagonga muhuri. Hapa tunakaa kumi na wanne katika chumba cha wanane. Mchana nafundisha hesabu. Jina la Profesa limenifuata mpaka huku, sijui nani aliwaambia.

Mdogo wako, Profesa


24 Februari

Profesa,

Haikuwaka.

Nimefanya kama ulivyoandika, cha pili na cha tatu. Kioo cheusi tu. Labda Esc niliikosea, sijui.

Mama ameishonea kitambaa cha kuifunika. Nilimwambia kushona ni kazi yangu, akasema hii ni ya kwake. Anakaa nayo pale dirishani, anaipangusa vumbi ambalo halipo. Akija mtu anamwonyesha: "Hii ndiyo itakayomtoa mwanangu." Jirani wa juu alikuja kuazima pasi akasimuliwa yote tangu mwanzo, pasi ikasahaulika.

Nina swali moja. Mama anasema Ijumaa ile ulikuwa unatengeneza kompyuta yake. Ulikuwa unatengeneza nini hasa?

Dada yako


5 Machi

Dada,

Ilikuwa printa. Haikuwa inasomwa na mashine, nikairekebisha, nikachapa barua ya Mama kwa mwenye nyumba kuhusu paa linalovuja. Basi. Mbona unauliza? Wakili ndiye anataka kujua? Mwambie printa.

Kuhusu kuwaka. Kama viini vya zamani navyo vimekataa, basi tatizo ni kubwa kuliko nilivyodhani, na itabidi tusafishe. Kwenye droo ya meza yangu kuna flashi nyekundu. Ichomeke kabla hujawasha, mashine itaamkia kwenye flashi badala ya diski yake. Kisha andika amri nilizoweka nyuma ya karatasi hii, moja baada ya nyingine, usiruke hata nukta. Ya mwisho ni ndefu na itachukua muda, saa mbili hata tatu. Iache imalize, usiizime katikati hata ukiona haifanyi kitu. Kisha uchomoe flashi na kuwasha.

Ikishindikana hapo, Dada, basi imeshindikana. Kuna wakati mashine inakufa na hakuna wa kulaumiwa. Wakili atatafuta njia nyingine. Nakuomba usimjaze Mama matumaini. Mwambie kidogo kidogo kwamba huenda isiwake.

Sijalala vizuri siku hizi, kuna anayekohoa karibu yangu. Ndiyo maana mwandiko ni mbaya.

Mdogo wako, Profesa


17 Machi

Profesa,

Nimefuata amri zako zote, na ile ndefu. Sasa inafika hadi pale inapouliza neno la siri, ninaandika neno la siri la Mama, kisha inazimika. Nimejaribu mara sita. Niambie la kufanya.

Mama hatoki kitandani tangu tarehe tisa. Daktari amesema moyo umepanuka, si miguu peke yake. Ametupatia vidonge vya aina nne na karatasi ya namna ya kuvimeza, nimeibandika ukutani. Hajaacha kuuliza kuhusu kompyuta. Amenifanya nihamishe meza ili aione akiwa amelala.

Jumanne Mama Pacha alikuja dukani. Sikumtambua mara moja, amekonda hadi gauni linamning'inia. Alileta sare za mapacha niwapunguzie kiuno, eti hakujua fundi mwingine. Nilijua hakuja kwa ajili ya sare. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja na kuniangalia nikifumua mshono, hatimaye akasema polisi wamemwita mara mbili. Wakili wako ameandika jina lake kwenye karatasi za rufaa, na hospitali imemsimamisha kazi mpaka jambo liishe.

Nilidhani atanitukana. Nilikuwa nimejiandaa. Badala yake aliniuliza kama wewe uliwahi kuniambia lolote kuhusu yeye siku ile. Nikasema hapana. Akasema, "Dada, nakwambia ukweli, sikumbuki. Wiki ile watoto wote wawili walikuwa na homa, nami naumwa kichwa. Nilikuwa naingia kwenye mashine za kazini kwa simu hata nikiwa jikoni. Labda niliingia. Labda nilibonyeza nikasahau." Anasema kila Jumamosi anakwenda nyumbani kwa mume wa yule marehemu kumfulia mtoto nguo. Yule baba hajui yeye ni nani, anadhani ametumwa na hospitali.

Aliniambia amechoka kuulizwa na huenda akasaini tu maelezo wanayotaka polisi, kwamba ni yeye, ili mradi yaishe.

Nilimfungia sare, akaondoka. Nimekaa na hilo tangu Jumanne. Niambie basi, Profesa, hiyo mashine tuifanyeje.

Dada yako


27 Machi

Dada,

Mashine iliyoandikiwa amri zile haiwezi kufika penye neno la siri. Haina tena pa kuliulizia. Haina chochote.

Kwa hiyo hukuziandika.

Umeona nini?

Profesa


6 Aprili

Profesa,

Niliona tarehe 22 Februari.

Iliwaka. Kiini cha pili, kama ulivyosema, na ile picha ya Mama na Baba kwenye ngazi za ofisi ya posta ikajaa kwenye kioo. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nikafungua dirisha jeusi, nikaandika amri yako, nikakosea, vidole vyangu vimezoea sindano. Nikabonyeza mshale wa juu. Likarudi neno langu lenye kosa. Nikabonyeza tena bila kukusudia, na likaja neno ambalo halikuwa langu.

La kwanza lilikuwa la kuchapa barua kwa mwenye nyumba. Nakala ya hiyo barua iko kwenye bahasha ya Mama ya mambo ya nyumba, na tarehe yake ni ya Ijumaa ile. Nikabonyeza tena. Ukaja mstari wenye neno damu, bila shaka jina la ile mashine ya friji, na pamoja nalo ile amri uliyonifundisha mwenyewe, ya kuuliza kichumba kina nafasi kiasi gani. Nikabonyeza tena. Damu, na neno la kusasisha. Tena. Damu, ya kuingia. Mistari mitatu, kisha mambo mengine ya zamani nisiyoyajua.

Mimi sijasomea kompyuta, nimesomea cherehani. Lakini kilichotangulia na kilichofuata nakijua. Uliingia hospitali, ukasasisha, ukauliza kama kuna nafasi. Ukajibiwa. Halafu ukachapa barua ya Mama, ukaja mezani. Ulipakua mara mbili, nami nikakutania kuhusu tumbo.

Kusasisha ningekusamehe siku ile ile. Mtu anafanya kazi, mtu anakosea, mimi mwenyewe nimeua kompyuta ya Mama kwa kubonyeza neno moja. Kinachonichoma ni kwamba uliuliza. Ulijua haikukaa sawa, ukaja kula. Na baada ya hapo ukamwacha Mama Pacha aamini ni yeye.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Mwanzoni ni kwa ajili ya Mama, nilijua habari hii itammaliza. Halafu nikawa nasubiri useme mwenyewe. Kila barua yako nilikuwa naifungua nikiwa nimesimama, nasema leo atasema. Ile ya amri ndefu sikuielewa, ila ulivyonisihi nisiizime katikati niliogopa, nikaiweka kando. Nilianza kukutungia uongo nione utafika nao wapi. Ndugu wawili watu wazima tunaandikiana kuhusu mashine nzima kana kwamba imekufa, huku mwenzetu anafua nguo za mtoto wa watu kila Jumamosi.

Najua Afande atasoma na hii. Nimelifikiria siku tatu na nimeandika hivyo hivyo.

Dada yako


16 Aprili

Dada,

Barua yako sikuletewa kama nyingine. Afande aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaiweka mezani ikiwa wazi. Akasema, "Nimesoma. Sijaandika popote. Keshokutwa nitaandika. Kama una la kusema, wahi uwe wewe." Katika miezi hii yote sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo.

Nimesema. Kurasa nne, nakala moja kwa wakili, moja mahakamani, moja kwa mkuu wa gereza. Rufaa nimeiondoa. Nimeandika kwamba Mama Pacha hakugusa chochote. Wameniambia huenda wakaniongezea miaka kwa kudanganya. Sikuuliza mingapi.

Ukweli ni huu, na ni mdogo kuliko unavyodhani. Nilipouliza kichumba kina nafasi kiasi gani, jibu lilikuwa asilimia mia. Kiini kipya kilikuwa kimeingia nusu. Ilihitaji dakika kumi, kuondoa vya zamani na kurudia. Mama akaita chakula. Nikajiambia mashine ile haizimwi, inakaa inawaka mwezi mzima, haitakitafuta hicho kiini mpaka siku itakapozimwa, na Jumatatu nitaimaliza. Jumamosi umeme ukakatika. Uliporudi, friji likagoma, na mashine ya kulilinda ikakwama kwenye kioo cheusi kama hii ya kwenu. Nimejaribu kujitafutia sababu kubwa zaidi, hata iwe mbaya zaidi. Sijaipata.

Polisi walipouliza nilisema sijui. Nilidhani nitasema hivyo siku moja tu, nipate nafasi ya kupumua, kesho nitasema kweli. Kesho yake hofu ilikuwa kubwa kuliko ya jana. Halafu ukaja na habari kwamba Mama amenitetea kwa kompyuta yake mwenyewe, nikakosa pa kuanzia.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa ya kweli kila mstari. Kuhusu mashine sijawahi kumdanganya mtu, mkono uliandika wenyewe, na huo mshale wa juu niliuandika kwa mazoea tu. Ilipokwisha kutumwa ndipo nikakumbuka kilichomo. Karibu wiki tatu sikula vizuri. Ulipoandika haikuwaka nilishukuru, Dada, nilishukuru kwa sauti mpaka wenzangu wakageuka. Ndipo nikakuandikia zile amri. Ile ndefu ingefuta diski yote, na picha za Baba zote ziko humo, na nilijua ziko humo.

Nina ombi moja, na sina haki nalo. Mama asijue. Moyo wake hauwezi. Mwambie haikuwaka, mwambie imekufa kabisa, mwambie mahakama imekataa tu. Mwache abaki na mimi yule anayemjua, kwa muda uliobaki.

Nisamehe kama utaweza.

Profesa


26 Aprili

Profesa,

Wakili amenipa nakala ya kurasa zako nne. Alinikabidhi bila kuniangalia usoni, nadhani amekasirika, sijui kwa kupoteza kesi au kwa kudanganywa.

Niliondoka pale moja kwa moja mpaka kwa Mama Pacha. Anakaa ghorofa ya tatu, ngazi hazina taa. Mapacha walikuwa shuleni. Nilimpa karatasi mlangoni, akazisoma akiwa amesimama, ameegemea ukuta, zote nne, akarudia ya pili. Kisha akasema, "Kwa hiyo si mimi." Nikasema si wewe. Akasema tena, taratibu, kama anamwambia mtu mwingine aliye chumbani, na akakaa chini, pale pale sakafuni.

Nilikaa naye. Baadaye akaniambia alishasaini. Tarehe kumi Aprili, walimwandikia wao, yeye akaweka jina tu. Yuko nje kwa dhamana, kesi itatajwa mwezi wa sita. Wakili anasema kurasa zako zitamsaidia, ila mahakama sasa ina watu wawili waliokiri jambo moja na haitafumua hilo haraka. Kazini hawatamrudisha kabla halijaisha.

Halafu akaniuliza kitu ambacho nilijua ataniuliza tangu nikiwa kwenye ngazi. "Dada, wewe ulijua lini?"

Ningeweza kusema leo. Karatasi ni za leo, wakili amenipa leo. Nikamwambia tarehe 22 Februari.

Alihesabu. Nilimwona anahesabu. "Nilikuja dukani kwako mwezi wa tatu," akasema. "Nilikaa kwenye kiti chako, nikakwambia labda ni mimi. Ukanipimia kiuno cha sare." Hakuinua sauti. Alinyanyuka, akanifungulia mlango, akaushika wazi mpaka nilipotoka. Nilipofika ghorofa ya pili nikasikia ameufunga.

Ninakulaumu, na nitaendelea kukulaumu muda mrefu, lakini sikuandikii tena kama mtu msafi anayemwandikia mchafu. Wewe uliacha dakika kumi. Mimi niliacha wiki saba mpaka aliposaini, na wiki mbili zaidi juu yake. Nilijiambia ni huruma kwa Mama. Huruma hiyo aliibeba mtu mwingine mgongoni, na hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Mama ameamka sasa hivi. Leo ana nguvu kidogo, amekunywa uji nusu kikombe na ameniomba nimwekee mito miwili aweze kukaa. Ninaandikia pale mezani kwake, kompyuta iko mbele yangu, nimeondoa kitambaa chake. Inawaka. Ameona mwanga usoni pangu na ameuliza, "Imewaka?"

Nimesema imewaka, Mama.

Amecheka. Ametengeneza kilemba chake, kama mtu anayetarajia mgeni. Ameuliza, "Inasemaje?"

Nimesema ngoja nimalize mstari huu.

Umeniomba asijue. Nimelisoma ombi lako mara nyingi, na nilikuwa nimeshaanza kutunga nitakachomwambia. Sitakitumia. Ananiangalia, anasubiri. Naweka kalamu chini, nakwenda kukaa kitandani kwake nimwambie.

Dada yako